Mtazame Mzee Ojwang kwanza

South B, Nairobi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Habari ya kupata hiyo nafasi imenifurahisha mno, tena safari hii si ya kupita nyuma na sinia ya chai. Unasema utaigiza mzee wa Kijaluo, na wewe mtu wa Murang'a, kwa hivyo usiku kucha unafanya mazoezi ya lafudhi. Hebu iache hiyo lafudhi kwanza. Tafuta vipindi vya zamani vya Vitimbi, vile vichekesho vya runinga, umtazame Mzee Ojwang.

Benson Wanjau, aliyemwigiza mzee huyo, alikuwa Mkikuyu kama wewe. Kwetu tulikuwa tukimjua kuwa Mjaluo halisi, na Mama Kayai tukajua ni mke wake wa ndoa, kumbe Mary Khavere alikuwa mkewe kwenye runinga tu. Watazame wakigombana. Mzee anaweza kunyamaza kidogo, amkazie macho, na hata kabla hajafungua mdomo ushajua huyu ni mume aliyeguswa pabaya. Lafudhi inafuata baadaye. Mimi naona ndiyo sababu hakuna aliyehisi anatukanwa: alikuwa mtu kamili, mkali, mwenye maringo yake, na mwenye kuumia. Ile rangi nyeupe ya nywele na ndevu ndiyo iliyomzeesha mwanzoni. Uzee wenyewe ulimkuta kazini.

Alianza enzi za Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la taifa, kabla haijawa KBC, akaonekana pia kwenye Vioja Mahakamani. Miongo mizima nchi ilimcheka na kumpenda. Halafu macho yakaanza kumsumbua, na ikabidi Wakenya wachange ili atibiwe. Alifariki Julai 2015 katika Hospitali ya Kenyatta. Jambo hilo la mchango linaniuma hadi leo. Mtu anayejulikana na kila mtoto nchini hakustahili kungoja huruma ya watu.

Kwa hivyo nakusihi, usitie sahihi mkataba kwa furaha tu. Uliza kipindi kikirudiwa utalipwa nini, na kikiuzwa kwingine je? Wakisema mtaelewana baadaye, waambie waandike sasa. Ukitaka niusome kabla, niletee Jumamosi. Nitakuwa mjini, tuonane pale Kenya National Theatre saa nane.

Wasalimie wazee nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.