Mfunguo Mosi bila Bibi

Assalaam alaykum jamaa na majirani, na nyote mliozoea kupita kwetu Mji wa Kale, Mombasa, asubuhi ya siku kuu. Mwezi umeandama. Idi Mubarak. Mola atutakabalie saumu zetu, awarehemu waliotutangulia, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima.

Wengi mumeniuliza kama mwaka huu mlango utafunguliwa. Utafunguliwa.

Bibi alituaga mwishoni mwa Rajabu. Kwa kitambulisho alikuwa na miaka 92, lakini kitambulisho hicho hakukikubali hata siku moja. Kimeandikwa kazaliwa tarehe mosi Januari 1934, tarehe ile ile waliyopewa wazee wengi wasiokuwa na cheti. Mamake alimwambia kazaliwa ndani ya Ramadhani, kaskazi imeshika, majahazi ya Arabuni yameanza kuingia Bandari ya Kale na tende. Nami kwa udadisi wangu nikapiga hesabu: Ramadhani ya 1934 iliingia Desemba kweli. Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hesabu yake yeye alibakisha miezi miwili tu atimize 94. "Karani kanipunja," alikuwa akisema. "Miaka yangu miwili kaila yeye."

Kalenda ya ukutani ilikuwa ya kufunikia ufa wa chokaa tu. Alihesabu umri kwa Ramadhani, na Ramadhani alizijua kwa upepo. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu haurefuki wala haufupiki kiasi cha kutajika, kwa hivyo mtu wa Mombasa hafungi saa chache mwaka huu na nyingi mwaka ule. Kinachobadilika ni hewa. Kulikuwa na Ramadhani za kaskazi, koo limekauka kabla ya adhuhuri. Kulikuwa na za masika, kuni zimerowa na moshi umejaa uani. Na kulikuwa na za kusi, alfajiri ya ubaridi na samaki wa kutafutwa kwa tochi kwa sababu bahari imechafuka. Miaka kama 33, na mwezi umeshaizunguka misimu yote. Ramadhani ya Desemba ilimrudia 1967 akiwa na watoto wa kulea, ikamrudia tena 2000 akiwa na wajukuu wa kufukuza jikoni. Ukimuuliza jambo lilitokea lini, hakutajii mwaka ng'o. Baba yangu alizaliwa "Ramadhani ya masika, ile paa lilivuja." Nendeni mkamwulize karani hiyo ni tarehe ngapi.

Idi ya mwaka jana watoto walitaka kumpeleka Ngomeni, Fort Jesus, wakapige naye picha. Akasimama mlangoni, buibui keshavaa, akakataa. "Nende jela leo siku kuu? Nimeiba n'ni?" Tulicheka sana, lakini mwenyewe hakuwa akitania. Watalii huiona Ngome kama kazi ya Wareno. Bibi aliijua kama jela ya Waingereza, na jela ilibaki hadi 1958. Ilipofunguliwa kuwa makumbusho 1960 yeye alikuwa mke wa mtu, na hofu ya utotoni haiondolewi kwa kupakwa rangi. Alikumbuka pia bendera nyekundu ya Sultani iliyokuwa ikipepea juu yake mpaka 1963. Kila alipopita pale kwenda sokoni, hatua zake zilikuwa za haraka kidogo. Mimi nilidhani ni jua.

Basi, mpangilio wa kesho ni ule ule. Swala, kisha makaburini, kisha nyumbani. Mahamri na mbaazi zipo, tambi zipo, vibibi anavipika shangazi na mtavisifu hata vikiungua. Watoto, mkono wa Idi upo, ila msitarajie sarafu zile za Bibi zilizofungwa kwenye pindo la leso, zikinuka asumini. Mjomba wenu anatuma kwa simu.

Na kuhusu leso. Mnaomjua mnajua kwamba kila Idi alinunua doti moja mtaa wa Biashara, mpya, ikinuka wanga. Alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu. Hizi nyingine hakuzijua, kwa hivyo alimchukua mjukuu mmoja wa kumsomea jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kabla ya kutoa pesa, asije akamvalia mtu fumbo bila kujua. (Mwaka mmoja nilimsomea vibaya makusudi. Siku kuu ile majirani hawakusema kitu, walitazamana tu, na bakora niliyokula naikumbuka.) Doti hiyo hakuikata mpaka asubuhi ya Idi. Kipande kimoja chake, cha pili anampelekea rafiki yake wa ng'ambo ya kichochoro, na siku nzima wazee wawili wanatembea kama mapacha. Nilizaliwa nikakuta hivyo.

Mwaka huu hakuna aliyekumbuka kununua doti. Jana baada ya magharibi nikasikia hodi, kumbe ni yule rafiki yake, kapanda ngazi zote zile kwa magoti yake hayo, doti haijakatwa iko kwapani. Hakuketi. Kasema, "Mkasi wa bibi yako u wapi? Na mwite mamako aje ashike huku."

Idi njema. Njooni.