Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sufu ya Julai Huoshwa Januari

Wanachama wenzangu,

Mwaka huu kazi yetu ya kusokota na kufuma sufu ilikwama mahali pamoja, na kamati imeona taarifa ianzie hapo hapo. Sufu tuliyotaka kusokota mwezi wa Julai tulianza kuiosha Juni. Juni jua la Nairobi hufunikwa na mawingu tangu asubuhi, manyunyu huja na kuondoka, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Sufu iliyolowa katika hali hiyo hukaa siku nne au tano na bado katikati ya bonge kuna unyevu. Iliyosogezwa karibu na jiko ilikauka nje ikabaki mbichi ndani, ikatiwa mifukoni hivyo hivyo, na ilipofunguliwa ilikuwa na uvundo na madoa ya manjano yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Kwa hiyo kalenda inageuka. Kununua na kuosha ni Januari na Februari, kabla ya masika, wakati ambapo sufu iliyotandazwa kwenye wavu wa kuku asubuhi huwa kavu jioni. Kuchana ni Aprili na Mei, mvua ikiwa nje na sisi ndani. Juni hadi Agosti ni za kusokota na kufuma tu. Hata kondoo anafaidika. Manyoya hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, basi aliyekatwa Februari huingia Juni akiwa na koti la sentimita nne hivi. Anayekatwa Juni huko Kinangop hubaki uchi kwenye ukungu, na nimonia haiko mbali. Tusimshawishi mfugaji yeyote akate kondoo wakati huo kwa sababu sisi tumechelewa.

Kuhusu kununua. Kondoo Mwekundu wa Kimaasai na Dorper hawana sufu ya kusokota. Manyoya yao mengi ni nywele fupi zinazoteleza, hata ukizichana kutwa. Tunatafuta Corriedale, Merino na machotara wao kutoka Molo, Nyandarua na Laikipia. Kwa anayejifunza, Corriedale ni bora kuliko Merino. Nyuzinyuzi zake ni ndefu zaidi na hazijibani, mkono mgeni unazimudu. Merino ni laini mno, nayo hugeuka vijidonge ukiichana kwa nguvu.

Kabla ya kulipa, chomoa kishungi kimoja, kishike ncha zote mbili karibu na sikio, kivute kwa ghafla. Kikilia kama kamba ya gitaa, sufu ni nzima. Ukisikia mlio wa kupasuka, kondoo aliugua au alikosa malisho mwaka huo, na kila unyuzi una mahali pembamba patakapokatika. Usinunue hata kwa bei ya chini. Angalia pia kama mkataji alipitisha mkasi mara mbili mahali pamoja, kwa maana vipande vifupi vinavyobaki ndivyo vinavyoleta vinundu kwenye uzi na vipele kwenye sweta baada ya wiki mbili za kuvaliwa. Sufu ya tumboni na ya mapajani, iliyoganda mavi, itenge kabla ya kupima uzito. Mbegu za kishona nguo ndizo zilizotusumbua kuliko yote. Haziondoki kwa maji. Hutolewa kwa vidole, moja moja, sufu ikiwa kavu. Manyoya yaliyojaa mbegu hizo yarudisheni kwa muuzaji kwa heshima.

Sweta moja ya mtu mzima wa wastani hula gramu 600 za uzi uliokamilika. Sufu mbichi hupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya uzito wake kwenye kuosha, na sehemu ya kumi ya kinachobaki huenda kwenye kuchana. Nunua kilo 1.35 na usipunguze. Walionunua kilo moja kasoro walimaliza mkono wa kushoto kwa uzi wa kondoo mwingine, na tofauti ya rangi inaonekana toka upande wa pili wa barabara.

Sasa kuosha, ambako ndiko kwenye madhara makubwa. Mafuta ya sufu huyeyuka kuanzia karibu nyuzi 40, kwa hiyo maji ya vuguvugu hayafai kitu. Yanatakiwa nyuzi 60. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu nyuzi 94. Lita 9 zinazochemka ukizichanganya na lita 6 za bomba kwenye beseni utafika mahali panapotakiwa bila kipimajoto. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko vitatu vya mezani, mpaka maji yateleze kwenye vidole. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia: nyingi zina vimeng'enya vya kula protini, na sufu ni protini.

Weka nusu kilo ya sufu ndani ya neti ya vitunguu, izamishe kwa mwiko, kisha iache. Dakika 15. Usikoroge, usifikiche, usikamue. Unyuzi wa sufu una magamba madogo kama ya samaki. Joto, sabuni na msuguano vikikutana, magamba hushikana na hakuna mkono utakaoyaachanisha. Usingoje pia maji yapoe, maana mafuta yaliyoyeyuka yatarudi na kuganda kwenye sufu yakiwa na uchafu wote. Inua neti, iache ichuruzike, iingize kwenye beseni la pili lenye joto lile lile na sabuni, halafu suuza mara mbili kwa maji yasiyo na sabuni, nayo yakiwa na joto hilo. Bomba lisiifungukie sufu hata mara moja. Sufu iliyotolewa kwenye moto ikatiwa ghafla kwenye baridi hujikunja ikawa kama zulia.

Kuchana hakukuwa na shida kubwa. Jambo moja tu: vichanio vya mkono vipitane kwa kugusana ncha za meno, visizamishwe. Anayesikia meno yakikwaruzana anakata nyuzinyuzi.

Pia za kusokotea, yaani vijiti vyenye gurudumu vinavyozungushwa ili kusokota uzi, zilikuwa chache kuliko watu, na kamati imekubali kila mwanachama ajitengenezee. Chukua kijiti kilichonyooka cha sentimita 30, unene wa milimita 9 au 10. Chukua CD mbili kuukuu, zibandike pamoja; zitakuwa na uzito wa gramu 30 hivi, unaofaa uzi wa wastani. Tundu la CD ni milimita 15, kubwa kuliko kijiti, kwa hiyo funga kijiti kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli mpaka CD zikae kwa kubana. Juu tia kulabu ndogo ya skrubu katikati kabisa. Kulabu ikienda upande, pia hutetemeka, na mtetemeko huo unakatiza uzi kila dakika. Kwa kufuma soksi na glavu, spoki za baiskeli zenye unene wa milimita 2 ni sindano nzuri sana. Zikate, zisugue ncha kwa msasa mpaka zipite kwenye soksi ya nailoni bila kukwama.

Kosa la wanaoanza kusokota ni moja, nalo linaonekana kwenye mikono. Wanashika mikono miwili karibu mno. Ikiwa unyuzi una sentimita 10 na mikono yako iko sentimita 6, unavuta ncha mbili za nyuzi zile zile, na hakitasogea kitu. Tenga mikono kidogo kupita urefu wa unyuzi, ndipo sufu iteleze. Uzi ukiachana taratibu kama pamba, msokoto haukutosha. Ukijikunja wenyewe kama mkia wa nguruwe, umezidi. Na msokoto hukimbilia palipo pembamba, ukaacha palipo panene pamelegea; ukiona bonge, simamisha pia, lilegeze bonge kwa vidole, livute, kisha ndipo uzungushe tena.

Nyuzi moja moja zisokoteni kwa mwendo wa saa, mkiunganisha mbili zungusheni kinyume. Shada, yaani uzi uliozungushwa ukawa kitanzi kikubwa, likining'inia wazi, uzi umesawazika. Likijipindua, bado. Loweka shada dakika 20, libane ndani ya taulo, ulianike bila uzito wowote chini yake. Uzito hunyoosha uzi, nao utarudi nyuma siku sweta itakapofuliwa.

Kwenye kufuma, sweta nyingi zilizofumuliwa mwaka huu ziliharibika kabla ya mshono wa kwanza, kwa sababu hakuna aliyefuma kipande cha kujaribia. Kifua cha sentimita 100, pamoja na nafasi ya sentimita 8, kwa mishono 18 ndani ya sentimita 10 kinahitaji mishono 194. Tunaweka 196 ili igawanyike kwa nne, kwa kuwa ukingo wa kiuno hupishanisha mishono miwili ya mbele na miwili ya nyuma. Mkono wako ukiwa unabana, ukatoa 20 badala ya 18, mishono ile ile 196 inatoa sentimita 98. Mwenye sweta hataivaa. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, upime sentimita 10 za katikati. Kipande kisichofuliwa kinadanganya.

Sweta za watoto nazo: mwisho wa shingo ufungwe kwa sindano kubwa zaidi kwa namba moja. Kichwa cha mtoto wa miaka sita kina mzingo wa karibu sentimita 51, na shingo inayopendeza mezani lakini haipiti kichwani ni kazi bure.

Wengi bado mnanunua uzi wa dukani, na si vibaya, ila mjue mnachonunua. Sehemu kubwa ya kinachoitwa wuli mjini ni akriliki. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibano juu ya kisahani, kiwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima, na majivu yake husagika. Akriliki huyeyuka ikaacha tone gumu jeusi. Tofauti hii si ya majina tu. Sufu huweza kunywa unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, nayo ndiyo inayofaa manyunyu ya Julai. Na mwenye kukaa karibu na jiko asikae na shali ya kitu kinachoyeyuka. (Wengine waliletewa sufi, ile ya kujazia mito, kwa jina la sufu. Sufi hutoka kwenye mti, ni fupi na laini mno, haisokoteki peke yake.)

Nikitaja jiko, nisisitize: mikutano ya jioni ya msimu wa baridi haitafanyika tena na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksidi haina harufu. Madirisha mawili yanayoelekeana yawe wazi, au jiko libaki nje.

Kuhusu mikutano hiyo, kuna pendekezo ambalo binafsi naliunga mkono kwa moyo wote. Huko Iceland, enzi za nyumba za udongo na majani, jioni za majira ya baridi watu wote wa nyumba walikaa pamoja na sufu zao, huyu akichana, yule akisokota, wengine wakifuma, na mmoja akiwasomea kwa sauti. Usiku wao ni mrefu kuliko wetu, lakini ukungu wa Limuru saa moja jioni unatosha. Julai ijayo tutaanza: msomaji mmoja kwa zamu, nusu saa, bila simu mezani.

Nondo waliingia kwenye sanduku la akiba. Sufu safi huvutia nondo kidogo kuliko chafu, basi isihifadhiwe mbichi. Tumieni mifuko ya pamba, si ya plastiki, na itolewe juani kila mwezi ikakung'utwe. Uzi uliokwisha kushambuliwa utiwe kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Majani ya mwarobaini yanasaidia kufukuza, hayaui mayai.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Kwa siku ya kuosha Januari, kila mmoja aje na beseni mbili, neti mbili za vitunguu, mwiko, na taulo asilolihitaji tena. Makaa na masufuria makubwa chama kitatoa. Tutaanza saa mbili asubuhi, ili neti ya mwisho iwe juani kabla ya saa sita.