Wanaokataa kusifiwa nao wapewe jina

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nina maneno manne mapya ya kuwapa wasomaji wenzangu, na moja la tano limenishinda.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa 22 huu kazi yangu ni kumsimamisha mtu mbele ya kioo na kumwambia ukweli. Nguo ikimbana nasema imembana, ikimkaa nasema imemkaa. La kubana watu hulipokea bila shida. La kupendeza ndilo linalowasumbua.

Mama mmoja alikuja kujaribu gauni, nikamwambia, "Rangi hii umezaliwa nayo." Palepale alijikunja, mikono kifuani, macho sakafuni. Nikageuka kutafuta pini. Alipodhani simwoni, alisimama wima tena, akajigeuza ajitazame mgongo, akatabasamu. Nikakumbuka ule mmea uitwao kifaurongo: ukiugusa kwa kidole majani hunywea yote, ukiondoka yanafunguka polepole. Hilo sikulibuni, nimeuazima mmea jina lake. Wako vifaurongo wengi, na dawa yao ni kusema neno lako kisha ukawaacha kidogo.

Wa pili ni mkung'utasifa. Ukimwambia shati lako zuri, anajikung'uta bega kama aliyeangukiwa na vumbi: "Hili? La zamani hili, na kola imeshachakaa." Kola umeishona wewe, imetulia vizuri, lakini atatafuta uzi uliochomoza mpaka aupate. Wa tatu ni mrudishasifa, ambaye hujamaliza sentensi ameshakurudishia: "Hata wewe umependeza!" Huyo simlaumu sana, maana ana adabu, ila kitu chenyewe hakikai mkononi mwake hata dakika moja.

Wapo watakaosema najitungia lugha. Nakubali, natunga, lakini kwa kipimo nilichokikuta. Kiswahili tangu zamani huchukua kitenzi, kikakiunga na jina, kikapata kiumbe kizima: kifunguamimba, kitindamimba, na kivunjajungu, yule mdudu mwenye mikono iliyokunjwa. Mlalahoi naye ni hivyohivyo, mtu anayelala akiwa hoi. Tena lugha hii ina utu wake. Jina likianza kwa ki-, mwenye jina hageuzwi kitu. Twasema kifunguamimba wangu amefika, hatusemi kimefika. Kwa hiyo hawa ninaowapa majina siwatukani. Wanabaki watu katika sarufi yenyewe.

Neno la nne ndilo nililoliwaza kwa muda mrefu. Sote tumelelewa na ile methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Mzazi huisema mtoto akileta matokeo mazuri, bosi huisema mfanyakazi akifanya vyema. Sina ugomvi na methali, wagema wa namna hiyo wapo. Ila wapo wengine walioisikia mara nyingi mno utotoni wakaingiwa na hofu. Huyo akisifiwa hatii maji hata tone. Analimwaga tembo lote chini, ili pasiwe na cha kusifiwa. Mimi namwita kimwagatembo.

Nilimpata katika karakana yangu mwenyewe. Nina binti ninayemfundisha kazi. Mkono wake ni mwepesi na jicho lake limenyooka. Kuunga mkono wa koti begani bila kuacha mkunjo kulinichukua miaka, yeye aliweza kwa miezi. Siku moja mteja alivaa koti aliloshona binti huyo peke yake, akauliza limeshonwa na nani, akamwambia, "Una kipaji, mwanangu." Binti akajibu, "Aa, nimebahatisha tu."

Nikaona uso wa mteja unabadilika. Alilivua koti, akaligeuza ndani nje, akaanza kukagua mishono mmoja baada ya mwingine. Kisha akaniomba nilipitie tena mwenyewe. Halikuwa na kasoro, nalo alilipenda dakika moja tu iliyopita. Ila ameambiwa na mshonaji kwamba ni bahati, na nani atavaa bahati shughulini?

Jioni nilimweleza binti habari ya mgema anayemwaga. Nilimwambia kwamba yule mteja alikupa kitu alichokiona kwa macho yake, nawe umemwambia macho yake hayaoni. Hakunijibu. Lakini neno lilimkaa, maana kesho yake nilipoisifu tundu ya kifungo aliyoidarizi kwa mkono, alifungua kinywa, akasita, akasema mwenyewe, "Nilitaka kumwaga." Tukacheka wote wawili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamsema mara nyingi kwamba ajiamini, na maneno hayo yalimpita tu. Kilichomshika ni jina. Ndiyo maana nasema majina haya yana kazi, si mchezo mtupu. Ukishakuwa na neno la kulitaja jambo, unalikamata likiwa bado linakuja.

Ombi langu, Mhariri. UNESCO ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Itakapofika, tupe sisi wasomaji nusu ukurasa tulete maneno tuliyoyabuni kwa tabia ambazo bado hazina jina. Nina hakika wapo wenye mazuri kuliko yangu.

Na hasa nahitaji moja. Wiki iliyopita yule mteja wa koti alirudi, safari hii na suruali. Binti alimpimisha, mteja akasema imemkaa sawasawa. Nilikuwa kwenye pasi, nikaiinua kabisa nisikilize. Binti akavuta pumzi, akamtazama usoni, akasema, "Asante." Akanyamaza. Hakuongeza kitu.

Mteja alipotoka, akanigeukia: "Fundi, na mimi sasa ninaitwa nani?"

Nimejaribu kila kiungo na kila kiambishi, sijalipata. Wasomaji nisaidieni, anangoja.

Fundi cherehani, msomaji wenu