Oktani si sabuni, Bw. Mhariri

Bw. Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu enzi za magari ya kabureta na sijapata kukuandikia, hata mlipokosea matokeo ya mpira, hata mlipopandisha bei mkapunguza kurasa. Lakini ile ripoti ya ukurasa wa magari juma lililopita, iliyotuambia kwamba petroli ya bei ghali huiweka injini safi kwa sababu oktani yake ni kubwa, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu amechanganya mambo mawili ambayo fundi yeyote wa Changamwe angemtenganishia kabla chai haijapoa.

Oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kukandamizwa ndani ya silinda bila kujiwakia kabla ya wakati wake na kuifanya injini igonge. Injini yenye mkandamizo mkubwa, na nyingi zenye tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), huhitaji oktani kubwa. Kuosha ni kazi nyingine. Masizi ya kwenye nozeli na valvu huzuiwa na kemikali maalum, ndizo sabuni yenyewe, zinazotiwa katika mafuta, na hizo zaweza kutiwa katika petroli ya oktani yoyote. Marekani sheria imetaka ziwemo katika petroli yote tangu 1995. Kisha mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota, kwa kuona kiasi kile cha sheria hakitoshi, wakaanzisha kiwango chao cha Top Tier, na anayekifuata lazima atie dozi hiyo kubwa katika kila daraja analouza, la bei nafuu likiwemo. Chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilipima mwaka 2016 kikakuta petroli isiyofikia kiwango hicho iliacha masizi mara 19 zaidi. Kwa hiyo sabuni inafaa, wala sibishi. Lakini mwaka huohuo chama hichohicho kilichukua magari yaliyoundiwa petroli ya kawaida kikayanywesha ya ghali, na hakikuona faida ya maana, si ya nguvu wala ya matumizi ya mafuta. Haya yote yangeenea pale mlipoweka picha ya msichana anayetabasamu kando ya pampu.

Hapa kwetu petroli hushushwa melini Kipevu, na ile iendayo Nairobi na bara hupita bomba lilelile la KPC, shirika la mabomba ya mafuta la Kenya, kampuni zote zikichota humo humo. Tofauti ni kile kinachotiwa baadaye, na hicho sijakiona kimeandikwa kwenye pampu hata moja: ni dawa gani, na kiasi gani kwa lita. Bei inazotangaza EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, kila tarehe 14 ni za super (ndiyo petroli yetu ya kawaida), dizeli na mafuta ya taa. Hii petroli ya ghali yenye jina la kifalme haimo, muuzaji hujipangia.

Na hapo ndipo nilipotiwa mkononi. Niliingia katika kituo kimoja njia ya Nyali, nikamwambia kijana wa pampu, "Super, ya elfu mbili." Nikageuka kumjibu mke wangu aliyekuwa akiniuliza habari za nyanya. Nilipotazama tena, mpira uliokuwa kwenye tangi langu ulitoka upande mwingine wa pampu, na mshale wa geji haukuwa umepanda kama ulivyozoea kwa pesa hizo. Namuuliza, ananijibu huku akitabasamu, "Mzee, nimekutilia ile safi, itakuoshea injini." Nikamwambia sikumwomba aniogeshee gari. Akaitwa msimamizi. Msimamizi naye, badala ya kuomba radhi, akanieleza kwamba wamenifanyia hisani, kwamba injini ya mzee kama mimi (sijui alijuaje umri wa injini kwa kuitazama sura yangu) inahitaji "kufunguliwa mishipa." Nyuma yangu matatu zinapiga honi, mke wangu ananivuta shati, na mimi nalipa elfu mbili ileile kwa lita pungufu! Basi nikamfungulia kifuniko cha tangi nikamwonyesha kibandiko cha Kijapani ambacho nilitafsiriwa zamani na baharia mmoja: petroli ya kawaida. Gari langu hili, Toyota Fielder, liliundwa kwa petroli ambayo huko Japani huanzia oktani 89. Msimamizi akasema Japani ni Japani na Mombasa ni Mombasa. Kwa hilo tulikubaliana.

Tena kuna magari ambayo hata sabuni bora haiwafikii pale penye uchafu. Hizi injini mpya zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli yake haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, sasa itaziosha vipi? Masizi hujijenga pale mpaka fundi afungue na kukwangua. Wenye magari hayo ndio wanaosukumiwa mafuta ya ghali kwa bidii kuliko sote, maana yanang'aa. Mwandishi wenu hakuwagusia kwa neno.

Na mkitaka kuandika habari za uchafu wa injini, andikeni habari za mafuta ya taa. Wako waliokuwa wakiyachanganya na dizeli na petroli, wakituachia moshi, plagi nyeusi na injini za kugonga. Serikali ikafanya nini? Mwaka 2018 ikatia ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasione faida. Mama wa Kisauni anayepikia stovu, ambaye hana gari wala hajapata kumiliki hata baiskeli, ndiye aliyelipishwa ili tangi langu liwe safi. Wengi wamerudia makaa. Gazeti lenu liliandika lini mara ya mwisho kuhusu huyo mama? Yeye hana pampu ya kupigiwa picha.

Dawa ninayo. EPRA iagize kila pampu ya mafuta ya ghali ibandikwe kibao chenye herufi kubwa sawa na zile za USIVUTE SIGARA, kitaje dawa iliyomo, miligramu zake kwa lita, na aina za injini ambazo haitazisaidia. Mhudumu asiruhusiwe kutamka neno "kuosha" kabla hajafungua kifuniko cha tangi akasoma kilichoandikwa, na kama ni Kijapani, kituo kimlipie masomo. Mwandishi wenu naye apelekwe gereji Jumamosi moja, apewe valvu yenye masizi, brashi ya waya na chupa ya petroli hiyo aipendayo, na asiruhusiwe kwenda nyumbani mpaka ing'ae.

Msomaji wenu wa zamani,
Bamburi, Mombasa