Mwanangu, hiyo chokaa

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na mama yako. Umeitwa huko Louisiana, Marekani, kuwa msaidizi wa kocha, na wiki ya tatu sasa unachora mistari ya uwanja kwa chokaa na kuokota mipira. Nilicheka, usinikasirikie.

Tangu uanze mchezo huo wa Kimarekani wa mpira wenye umbo la yai, nimekuwa nikisoma ili nisiwe mjinga mbele yako. Ndipo nikakutana na habari za kocha Eddie Robinson wa chuo cha Grambling, jimbo hilohilo ulilopo. Baba yake alilima shamba la mtu na kugawana mazao na mwenyewe. Yeye alikuwa akifanya kazi kinuni Baton Rouge, senti 25 kwa saa, mpaka mwaka 1941 chuo kikampa timu akiwa na miaka 22. Kilikuwa chuo cha Weusi, fedha hakuna. Basi kocha mkuu huyohuyo ndiye aliyekata nyasi, akachora mistari, akawafunga wachezaji bendeji za vifundo vya miguu. Wakisafiri aliwaandalia sandwichi, maana migahawa ya njiani haikuwa ikiwapokea Weusi. Msimu wa kwanza alishinda mechi 3, akapoteza 5. Uliofuata alishinda zote 9, na hakuna aliyemfunga hata pointi moja. Hapo nilirudi nyuma nikasoma upya, nikidhani miwani inanidanganya.

Jambo lililonikaa zaidi ni kengele. Alikuwa na kengele ya ng'ombe, ile ya kuvalishwa shingoni, na asubuhi alipita nayo mabwenini akiipiga ili vijana waamke waende darasani. Darasani, siyo mazoezini! Mama yako anasema ndiyo sababu nimempenda, kwa vile nami nilikuwa nakugongea sufuria.

Alikaa palepale mpaka 1997, na ushindi 408. Wachezaji wake zaidi ya 200 walifika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo. Tank Younger alitangulia mwaka 1949, wakati timu za NFL zilikuwa hazijawahi kuchukua mtu kutoka vyuo vya Weusi. Doug Williams ndiye kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) Mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, Januari 1988. Wote hao walikimbia juu ya mistari ya Grambling.

Sasa, kuhusu chokaa. Usichore kwa jicho. Piga kigingi kila mwisho, vuta kamba mpaka ikaze, kisha uifuate polepole bila kuinua kichwa. Mimi mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilijiamini, nikachora kumi na nane ya mashindano ya wilaya bila kamba. Refa akaipima kwa hatua: kushoto kumi na nane, kulia ishirini na moja. Uwanja mzima uliniita Fundi Upogo mpaka nikahamishwa shule.

Baba yako