Juu ya nini gide zenu tunaziandika mu teksti ya kawaida

Jambo bakiliya betu ba Goma, na bale ba Sake na Minova benye banatumaka kazi zao mpaka hapa Birere.

Hizi siku kuna ulizo moja inarudia sana. Mutu anakuja na fleshi mu mukono, anafungua gide tulimuandikia, anakuta madieze (#) na manyota (*) ndani, njo anauliza: "Ndugu, nililipa gide ya kiteknike, mbona haionekane kama page ya web?" Ni ulizo ya haki, na naomba nijibu polepole juu hii kitu inanigusa sana.

Mbele siye pia tulikuwa tunaandika gide zote mu HTML, ile luga ya kutengeneza page za web yenye Tim Berners-Lee alianzisha kule CERN, kituo ya utafiti ya fizikia Uswisi, mwanzo wa miaka ya 1990. Ku brauza inatoka muzuri kabisa. Lakini gide ya kiteknike inabadilika kila mara, leo ni volti, kesho ni kabo ingine, na mwenye anaona kosa ya kwanza ni fundi mwenye iko juu ya mabati na telefone mu mufuko.

Tulikuwa na mukiliya mwenye anafungaka sola ku Masisi. Gide yake ya betri ilikuwa page 20. Siku moja fundi wake anaona tumeandika usiache betri ishuke chini ya volti 11.2, na yeye anajua betri ya risasi ya volti 12, ukiipima imepumuzika na ikuonyeshe 12 hivi, tayari imepita nusu, ukiizoeza kushuka zaidi ya hapo kila usiku itakufa mbiyo. Alisema kweli, kosa ilikuwa yetu. Anafungua fishie ku telefone ili arekebishe, anakuta hivi:

<p><strong>Onyo:</strong> usiache betri ishuke chini ya <span class="volti">11.2</span></p>

Akabadilisha namba, na kidole ikafuta ile </strong> yenye inasimamishaka maandishi ya kukaza, bila yeye kujua. Kuanzia pale mpaka mwisho wa gide maandishi yote yakawa meusi ya kukaza, kila mustari unapiga kelele sawa na onyo. Chini kidogo kulikuwa onyo ya nguvu kabisa, kwamba betri ya risasi wakati inachajiwa inatoa hewa ya hidrojeni, usiwashe kiberiti wala sigara karibu, lakini sasa ilikuwa imezama katikati ya mistari mingine, huwezi kuitofautisha. Hakuna mwenye aliumia, tunashukuru Mungu. Mimi ile usiku sikulala.

Sasa ule mustari mu teksti ya kawaida uko hivi:

**Onyo:** usiache betri ishuke chini ya volti 12

Fundi anasoma, anaelewa, anabadilisha namba, basi. Na ata akisahau nyota moja, mistari ya chini haiguswe, na mwenye anasoma bado anajua ulitaka kusema nini. Hii namna inaitwa Markdown, John Gruber aliitoa mu 2004, Aaron Swartz akamusaidia kuifikiria, na hawakuivumbua mu hewa, walifuata vile batu walikuwa wanaandikaka tayari mu imeli: nyota ya kukaza neno, kadeshi (-) ya kupanga orodha. Njo maana mama mwenye hajaisomea anaielewa siku ya kwanza.

Kuna na ile ya volkano. 27/5/2021, siku tano kisha Nyiragongo kutoka, asubui tukaambiwa tuhame mji, mimi niliondoka na batoto, telefone na fleshi, ordinatere yote ikabaki. Kule Sake, mukiliya ananipigia, anatafuta gide ya enveta yake. Nikafungua fleshi ku telefone, nikamutumia kwa WhatsApp palepale ata koneksio ilikuwa mubaya, juu page 20 za maandishi matupu hazifike ata kilobaiti (KB) 100, picha moja ya telefone inazipita mbali. Na alivyoipokea hakukuwa kitu ya kuinstale.

Sisemi HTML ni mubaya. Kama unataka page ya kuuzia bintu, na rangi na vitufe, tutakuandikia HTML. Tableau kubwa zenye safu zimeunganishwa, Markdown inazishindwa, ile ya kwanza ya 2004 ata haikuwa na tableau. Gide ndefu sana yenye sura zinaitana, hiyo tunaiandikaka mu AsciiDoc, nayo pia ni teksti ya kawaida. Lakini kwa gide za kazi ya mukono, frigo, pompe, jenereta, sola, mimi nimeshaamua.

Na ile sura ya muzuri hamuipoteze. Tunatumiaka programu ya bure inaitwa Pandoc, ya John MacFarlane, tangu 2006 iko, unaipa fishie moja ya teksti, inakutolea Word, page ya web, na PDF pia ukiongeza programu ingine ya kusaidia. Kosa tunarekebisha mara moja mu teksti, zile zingine tunazitoa upya. Tena kila sentensi tunaiweka ku mustari wake, ili mukirudisha gide tuone palepale ni mustari gani umeguswa.

Sasa, mwenye iko na gide ya zamani, ata mu Word, ata mu HTML, ata kwenye karatasi imechakaa, alete. Alete pia fundi wake kama anaweza, saa moja tu, tukae naye, tusome mustari kwa mustari, na namba zote azihakikishe yeye mwenyewe mbele tuseme imeisha. Mutaondoka na fishie ya teksti ku fleshi na ku telefone ya fundi, na kopi moja ya kuprinti ya kubandika ku ukuta karibu na betri.