Bobini ya dakika kumi nayo ni sinema

Kwa Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lenu lilitoa makala kuhusu kuhamishia filamu za zamani kwenye kompyuta, na mwandishi wake alizigusa kwa sentensi moja tu zile bobini (magurudumu ya kuviringishia utepe wa filamu) ndogo za Super 8, utepe mwembamba wa sinema za nyumbani, zenye sinema mashuhuri zilizofupishwa kwa ajili ya kuonyeshwa nyumbani. Aliziita vipande visivyo na faida, kwa kuwa leo filamu nzima inapatikana hata kwenye simu. Mimi nimekuwa nikivikusanya vipande hivyo hapa Lubumbashi kwa miaka ishirini na miwili, na ninaomba nafasi ya kumjibu.

Kwamba zimekatwa, hilo halina ubishi. Bobini ya kawaida ilikuwa na utepe wa mita 60 wenye upana wa milimita 8, na ukipita kwa picha 24 kila sekunde unakwisha baada ya dakika kumi hivi. Ile kubwa ya mita 120 hufikia dakika ishirini. Star Wars ilipotoka mwaka 1977 ilikuwa na dakika 121, lakini kampuni ya Ken Films ya Marekani iliiuza kwa wenye projekta za nyumbani katika bobini ya mita 60. Aliyepewa mkasi alipaswa kuamua abaki nani na aondoke nani, na hadithi ieleweke na mtu ambaye hajawahi kuiona filamu yenyewe. Ninayo bobini moja ya kutisha, isiyo na sauti, yenye maandishi ya Kifaransa chini ya picha: mapenzi yote yameondolewa, daktari hapati hata nafasi ya kujieleza, na zimwi linatokea kabla mtazamaji hajakaa vizuri kitini. Nimeitazama pia filamu nzima, na nasema bila aibu kwamba ile fupi inanishtua zaidi. Uhariri huo haumo kwenye simu ya mwandishi wenu, wala hautapatikana humo kwa kutafuta jina la filamu.

Tukumbuke pia kwamba Kodak ilipoileta Super 8 mwaka 1965 hakukuwa na kaseti za video madukani. VHS, aina mojawapo ya kaseti hizo, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida aliyependa filamu iliyokwisha kuondoka kwenye majumba ya sinema alikuwa na njia chache mno za kuirudia, na bobini hizi zilikuwa mojawapo. Kampuni ya Castle Films ilizikata filamu za mazimwi za studio ya Universal, ile ya Film Office ikawauzia Wafaransa, na Derann ya Dudley, Uingereza, iliendelea na biashara hiyo muda mrefu baada ya video kuwaondoa wenzake wengi. Nyingi kati ya zangu ni za Kifaransa, na sababu yake haina siri: ziliachwa na mafundi wa kigeni waliofanya kazi migodini, zikazunguka kutoka lupango (kiwanja chenye nyumba) moja hadi jingine, hatimaye zikatandazwa chini katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, pamoja na vifuniko vya sufuria.

Sasa nieleze kwa nini makala ile iliniuma. Miaka mitatu iliyopita nilipeleka bobini kumi na moja katika kituo kimoja cha hapa mjini, nisichokitaja, ili zinakiliwe. Baada ya majuma mawili nilikabidhiwa kadi ndogo ya kumbukumbu, na nilipouliza bobini zenyewe ziko wapi, kijana wa mapokezi alinijibu kwa heshima kabisa: «Papa, zote zimekwisha kuingia kwenye mashine, kwa hiyo tulizitupa.» Nilipofika nyumbani nikakuta filamu bubu zilizopaswa kwenda kwa picha 18 kila sekunde zimenakiliwa kwa 25, watu wanatembea kama kuku waliotishwa, na ukingo wa chini umekatwa hivi kwamba maandishi yanaonekana nusu, vichwa vya herufi bila miguu yake. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa saa moja tu, ikiwa bobini bado ipo.

Sikatai kunakili, maana tepe hizi hazidumu bila matunzo. Rangi ya samawati ndiyo hufa kwanza katika tepe nyingi za miaka ya 1970, na baada ya hapo kila kitu kinabaki chekundu, mbingu, nyuso na barabara, mpaka unadhani filamu yote ilipigwa kwenye vumbi letu la kiangazi. Ubaya zaidi ni harufu ya siki. Utepe wa asetati, yaani aina ya plastiki, ukikaa penye joto na unyevu huanza kutoa asidi, hujikunja, husinyaa, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa tepe zilizo jirani. Zile zenye mstari wa sumaku wa sauti ndizo ziko hatarini zaidi. Kwa hiyo kila mwaka mvua zinapokwisha mimi hufungua makopo yote, nanusa moja moja, na lenye siki hulitoa katika chumba cha wenzake. (Mke wangu anasema kazi hiyo inanifaa kuliko ualimu nilioustaafu.)

Ombi langu kwa wasomaji wenye masanduku ya namna hii, wengi wao wakiwa wamerithi kutoka kwa wazee wao, ni kwamba wasiyaanike juani, wasilazimishe utepe uliosinyaa kupita kwenye projekta, na wakinakili wadai bobini zao zirudi zote, kwa hesabu. Nitashukuru pia ikiwa yupo mwenye sehemu ya pili ya filamu yoyote ya mapango na mazimwi, ya mita 60, yenye sauti ya Kifaransa, kwani filamu moja yangu iliuzwa katika bobini mbili na mimi ninayo ya kwanza tu. Inakwisha pale mlango wa handaki unapoanza kufunguka.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi